Namba Tasa Kati ya Namba Mbili: Mwongozo Kamili wa Kuzipata na Kuzihesabu Bila Kukosea

Swali "kuna namba tasa ngapi kuanzia 1 hadi 100?" lina jibu moja: 25. Hata hivyo wanafunzi wengi huleta 24, 26 au 27, na wengi wao wanajua vizuri kabisa kwamba namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe. Wanaangushwa na njia wanayoitumia. Wanapita juu ya namba kwa macho, wakijiuliza moja moja kama "inaonekana" tasa. Namba 51 inaonekana tasa, na 91 vilevile, lakini zote mbili si tasa.

Njia ya mwongozo huu haimwachii mtu nafasi ya kubahatisha. Unaandika namba zote, unafuta zisizo tasa kwa mpangilio, na kila hatua unaandika umefuta ngapi. Hiyo hesabu ya zilizofutwa ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo itakayokuonyesha kosa kabla mwalimu hajaliona.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la hesabu lenye miraba midogo. Karatasi isiyo na mistari huzifanya namba zipinde, ukaruka moja bila kujua.
- Penseli ya kufutia, na kalamu ya rangi ya kuzungushia namba tasa.
- Kikokotoo, hata cha simu. Kazi yake ni kuhakiki tu.
- Orodha hii ya namba tasa ndogo, iandike juu ya ukurasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31.

Orodha hiyo inatosha kwa namba yoyote iliyo chini ya 1,369. Sababu utaiona kwenye hatua ya 2.

Pembeni mwa ukurasa chora safu mbili nyembamba. Ya kwanza iandike "tasa inayofuta", ya pili "zilizofutwa sasa".

## Hatua ya 1: Weka mipaka wazi

Kabla ya kuandika namba yoyote, jibu maswali matatu.

Je, namba za mwisho zimo? "Kuanzia 7 hadi 31" inazichukua 7 na 31, na jibu ni 8: 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31. Swali likisema "zilizo kubwa kuliko 7 na ndogo kuliko 31", jibu ni 6. Swali likisema "kati ya" bila maelezo mengine, tazama kitabu au mtihani wenyewe unavyolitumia neno hilo. Kisha andika kwenye jibu lako kama umezihesabu namba za mwisho au hukuzihesabu.

Je, 1 imo? Kama imo, ifute mara moja. Ina kigawo kimoja tu, kwa hiyo si tasa.

Je, 2 imo? Kama imo, izungushie rangi mara moja. Ni namba shufwa pekee iliyo tasa, na wanaofuta namba shufwa zote kwa haraka huifuta pamoja nazo.

Ukimaliza hatua hii uwe umeandika sentensi moja, kwa mfano: "Ninatafuta kuanzia 300 hadi 400, mwanzo na mwisho zimo, jumla ni namba 101." Angalia hiyo 101. Kuanzia 300 hadi 400 hazipo namba 100, kwa sababu ukitoa 300 kwenye 400 lazima uongeze 1. Ukikosea hapa, hesabu yote ya mbele itapinda.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kuishia

Huna haja ya kugawanya kwa kila namba. Tafuta kipeuo cha pili cha namba kubwa kuliko zote kwenye kipande chako, kisha tumia namba tasa zisizozidi hapo.

Sababu ni kwamba vigawo huja viwili viwili. Namba 91 ni 7 × 13. Kama vigawo vyote viwili vingezidi kipeuo cha pili cha 91, ambacho ni 9 na kidogo, basi zao lao lingezidi 91. Kwa hiyo namba isiyo tasa lazima iwe na angalau kigawo kimoja kidogo, na hicho ndicho tunachokiwinda.

- Hadi 100: kipeuo ni 10. Unatumia 2, 3, 5, 7.
- Hadi 400: kipeuo ni 20. Unatumia 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19.
- Hadi 1,100: kipeuo ni 33 na kidogo. Unatumia orodha yote hadi 31.

Tasa inayofuata baada ya 31 ni 37, na 37 × 37 = 1,369. Ndiyo maana orodha yako inakufikisha hapo.

Onyo: usiishie kabla ya kipeuo kwa sababu tasa ya mwisho "haifuti kitu". Kwenye 300 hadi 400, tasa 19 inafuta namba moja tu, 361. Ukiiruka 19, namba hiyo itabaki na jibu lako litazidi kwa moja.

## Hatua ya 3: Chekecha 1 hadi 100 katika safu sita

Njia hii huitwa Chekeche la Eratosthenes. Vitabu vingi huchora namba kumi kwa kila mstari. Mimi nakusihi uandike sita kwa kila mstari: mstari wa kwanza 1 hadi 6, wa pili 7 hadi 12, na kuendelea. Utapata mistari 17, na wa mwisho utakuwa na namba nne tu: 97, 98, 99, 100.

Futa kwa 2. Zungushia 2. Safu ya pili, ya nne na ya sita ni shufwa tupu, kwa hiyo zipige mstari kutoka juu hadi chini, ukiiacha 2. Zilizofutwa ni 49.

Futa kwa 3. Zungushia 3. Safu yote ya tatu inagawanyika kwa 3, nayo ipige mstari. Zilizofutwa sasa ni 16.

Hapa ndipo safu sita zinapolipa. Namba 51 (3 × 17), 57 (3 × 19) na 87 (3 × 29) zote zimo kwenye safu ya tatu. Zimeondoka zenyewe bila wewe kuzifikiria. Kilichobaki kiko kwenye safu ya kwanza na ya tano tu.

Futa kwa 5. Zungushia 5, kisha anza na 25. Huna haja ya kuanza na 10, 15 wala 20, kwa sababu kila kigawe cha 5 kilicho chini ya 5 × 5 kina kigawo kidogo zaidi, hivyo kimeshafutwa. Vigawe vya 5 vinateremka mshazari kuelekea kushoto. Zinazofutwa sasa ni 25, 35, 55, 65, 85 na 95. Jumla 6.

Futa kwa 7. Zungushia 7, anza na 49. Vigawe vya 7 vinateremka mshazari kuelekea kulia. Zinazofutwa sasa ni tatu tu: 49, 77 na 91.

Tasa inayofuata ni 11, lakini 11 × 11 = 121, imeshavuka 100. Simama hapo. Zungushia kila kilichobaki.

## Hatua ya 4: Hesabu mara mbili, kwa njia mbili

Kwanza hesabu zilizozungushiwa. Kisha chukua safu yako ya pembeni: 49 + 16 + 6 + 3 = 74. Ongeza 1 ile iliyofutwa mwanzoni, inakuwa 75. Toa kwenye 100, unapata 25.

Njia zote mbili zikikubaliana, umemaliza. Zisipokubaliana, usianze upya. Angalia ni tasa gani ambayo idadi yake hailingani na hizi hapa juu, urudi kwenye mstari huo peke yake.

Ukitaka kupata kosa kwa haraka zaidi, gawa jibu lako kwa makumi. Kuanzia 1 hadi 10 kuna 4, halafu 4, 2, 2, 3, 2, 2, 3, 2, na 91 hadi 100 kuna 1 tu, yaani 97. Aliyeandika 2 kwenye kumi la mwisho ameiacha 91.

## Hatua ya 5: Kipande kisichoanzia 1

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaulizwa 300 hadi 400, wanaanza kuandika kuanzia 1. Hakuna haja hiyo. Unafanya kazi ndani ya kipande chako peke yake, kwa kutumia orodha ya tasa ndogo.

Anza kwa kuondoa shufwa na zinazoishia na 5. Kati ya namba 101, shufwa ni 51, na witiri zinazoishia na 5 ni 10. Zimeondoka 61, zimebaki 40. Kwa hiyo usiandike namba 101, andika hizi 40 tu, zile zinazoishia na 1, 3, 7 au 9: 301, 303, 307, 309, 311, na kuendelea hadi 399.

Tafuta pa kuanzia kwa kila tasa. Gawanya 300 kwa tasa hiyo, panda hadi namba nzima inayofuata, kisha zidisha tena. Kwa 13: 300 ÷ 13 ni 23 na kidogo, panda hadi 24, na 24 × 13 = 312. Hiyo ni shufwa, imeshaondoka, kwa hiyo ongeza 13 upate 325. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ruka kwa mara mbili ya tasa. Ukiwa kwenye witiri ukiongeza 13 utatua kwenye shufwa, ambayo haipo tena. Ongeza 26 moja kwa moja: 325, 351, 377. Inayofuata, 403, imevuka mpaka.

Sasa twende mpaka mwisho:

- 3, ruka kwa 6 kuanzia 303: 303, 309, 321, 327, 333, 339, 351, 357, 363, 369, 381, 387, 393, 399. Zinazoishia na 5 zimeshaondoka. Zilizofutwa sasa: 14.
- 7, ruka kwa 14 kuanzia 301: mpya ni 301, 329, 343, 371. Zilizofutwa sasa: 4.
- 11, ruka kwa 22 kuanzia 319: mpya ni 319 na 341. Zilizofutwa sasa: 2.
- 13: mpya ni 377 peke yake, kwa kuwa 325 inaishia na 5 na 351 ilifutwa na 3. Iliyofutwa sasa: 1.
- 17, ruka kwa 34 kuanzia 323: mpya ni 323 na 391. Zilizofutwa sasa: 2.
- 19, ruka kwa 38 kuanzia 323: 323 imeshafutwa na 17, 399 na 3, kwa hiyo mpya ni 361. Iliyofutwa sasa: 1.

Jumla ya zilizofutwa baada ya kubaki 40 ni 14 + 4 + 2 + 1 + 2 + 1 = 24. Zimebaki 16:

307, 311, 313, 317, 331, 337, 347, 349, 353, 359, 367, 373, 379, 383, 389, 397.

Onyo kubwa: namba iliyokwisha kufutwa usiihesabu tena. 323 ni 17 × 19, inafikiwa na tasa zote mbili, lakini kwenye safu ya pembeni inaandikwa mara moja tu. Anayeihesabu mara mbili atapata 15 kwa kutoa, wakati zilizozungushiwa ni 16, na atatafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Kuna mbinu za kupima namba moja moja. Kwa 7, chukua tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, itoe kwenye namba iliyobaki: 371 inakuwa 37 − 2 = 35, inagawanyika. Kwa 11, toa na kuongeza tarakimu kwa zamu: 319 inakuwa 3 − 1 + 9 = 11, inagawanyika. Ni mbinu nzuri ukiulizwa kuhusu namba moja. Kwa kipande kizima nashauri uziache, maana kuruka kwa hatua sawa ni haraka zaidi na hakuhitaji kukumbuka kanuni tofauti kwa kila tasa.

## Hatua ya 6: Kuhesabu kwa kutoa

Kama unachotaka ni idadi tu, na tayari unajua idadi hadi namba fulani, huhitaji kuchekecha tena. Chukua idadi hadi mwisho wa kipande, toa idadi hadi namba iliyo kabla ya mwanzo.

Kuanzia 53 hadi 97: hadi 97 kuna tasa 25, hadi 52 kuna 15. Jibu ni 10. Anayetoa idadi hadi 53, ambayo ni 16, anapata 9, kwa sababu ameitupa 53 yenyewe. Kosa hili halionekani mwanzo wa kipande usipokuwa tasa, ndiyo maana mtu anaweza kulifanya mara nyingi bila kugundua.

Idadi kwa kila mia, hadi 1,000, ni hizi:

- 1–100: 25
- 101–200: 21
- 201–300: 16
- 301–400: 16
- 401–500: 17
- 501–600: 14
- 601–700: 16
- 701–800: 14
- 801–900: 15
- 901–1,000: 14

Jumla ni 168. Hadi 10,000 kuna 1,229, hadi 100,000 kuna 9,592, na hadi 1,000,000 kuna 78,498.

Usitarajie idadi ishuke kwa utaratibu. Mia ya tano ina 17 ilhali ya nne ina 16. Pia usishtuke ukikuta sehemu tupu: baada ya 113 hakuna tasa yoyote hadi 127, na baada ya 887 hakuna hadi 907. Ukiwa umefuta vizuri, sehemu tupu si dalili ya kosa.

## Hatua ya 7: Pima kama jibu lina mantiki

Kwa kipande kikubwa ambacho huna jedwali lake, tumia kikokotoo cha kisayansi. Chukua namba ya katikati ya kipande, bonyeza kitufe cha ln, kisha gawanya idadi ya namba zote kwa jibu hilo. Kwa 300 hadi 400, ln ya 350 ni 5.86 hivi, na 101 ÷ 5.86 ni kama 17. Jibu halisi ni 16. Makadirio haya hayakupi jibu kamili, lakini ukiwa umepata 25 au 9, yatakuambia urudi nyuma.

## Hatua ya 8: Namba zikiwa kubwa, tumia kompyuta

Kuanzia 1,000,000 hadi 1,000,100 unahitaji tasa zote hadi 1,000, nazo ni 168. Hiyo si kazi ya penseli. Programu hii fupi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inafanya kilekile tulichofanya kwenye hatua ya 5:

```
mwanzo = 1000000
mwisho = 1000100
chekeche = [True] * (mwisho - mwanzo + 1)
p = 2
while p * p <= mwisho:
    k = max(p * p, (mwanzo + p - 1) // p * p)
    while k <= mwisho:
        chekeche[k - mwanzo] = False
        k = k + p
    p = p + 1
print(sum(chekeche))
```

Itakupa 6. Tasa zenyewe ni 1,000,003, 1,000,033, 1,000,037, 1,000,039, 1,000,081 na 1,000,099.

Kabla ya kuiamini kwa namba kubwa, ijaribu kwa majibu unayoyajua: 2 hadi 100 itoe 25, na 300 hadi 400 itoe 16. Usiweke 1 kwenye mwanzo, kwa sababu hakuna kinachoifuta 1 na itahesabiwa kama tasa. Pia usiondoe sehemu ya `p * p` ndani ya max. Bila hiyo, programu inafuta 2, 3, 5 na 7 zenyewe, na kwa 2 hadi 100 utaona 21.

## Ukipata jibu tofauti

Umepata 26 kwa 1 hadi 100. Umeihesabu 1, au umeiacha 91.

Umepata 24. Karibu kila mara 2 imefutwa pamoja na shufwa.

Umepata 21. Umefuta 2, 3, 5 na 7 badala ya kuzizungushia na kuanza na vigawe vyake.

Umepata 28 au 29. Hukuchekecha kwa 3 vizuri, 51, 57 na 87 bado zipo.

Kutoa na kuzungushia havikubaliani. Kuna namba uliyoifuta mara mbili kwenye safu ya pembeni, au idadi ya namba zote uliikosea kwenye hatua ya 1.

Kwa zoezi, fanya 1,000 hadi 1,100 kwa mkono, mwanzo na mwisho zikiwemo. Jibu ni 16. Baada ya kubaki 40, zinazofutwa kwa 3, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31 ni 12, 4, 1, 2, 2, 1, 1, 1 na 0. Hiyo sifuri ya mwisho ni sahihi: vigawe witiri vya 31 humo ni 1,023 na 1,085 tu, vyote vimeshafutwa. Ukibaki na 17 au 18, angalia kwanza 1,073, ambayo ni 29 × 37, kisha 1,081, ambayo ni 23 × 47.